Udongo unaonasa sumukuvu, na sumukuvu zinazoupita

Mfuko wa kinasa sumu cha mifugo, yaani unga unaochanganywa kwenye chakula chao ili ushike sumu za kuvu, haukosi ahadi. Upande wa mbele zimeorodheshwa aflatoksini, fumonisini, okratoksini, zearalenoni, T-2 na vomitoksini, na chini yake maneno kama "kinga kamili". Geuza mfuko usome viambato. Mara nyingi utakuta kimoja au viwili tu: bentonaiti, ambayo ni aina ya udongo, au bentonaiti na kuta za seli za hamira. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa kuwa sumu hizo sita hazifanani kwa umbo, kwa chaji, wala kwa tabia zikishaingia kwenye maji, na hakuna unga mmoja unaozishika zote. Bentonaiti ni hodari kweli kwa moja kati yake. Kwa nyingine husaidia kidogo, na kwa vomitoksini, ambayo ni miongoni mwa zinazopatikana sana kwenye nafaka, haifui dafu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tujue tunapambana na nini. Sumukuvu ni kemikali zinazotengenezwa na kuvu inapoota kwenye nafaka, mashudu, pumba au silaji. Baadhi ya kuvu za Aspergillus hutoa aflatoksini, hasa penye joto na pale mmea ulipopata ukame shambani au zao lilipowekwa ghalani bila kukauka vizuri. Kuvu za Fusarium hushambulia zaidi zao likiwa bado shambani, na kutoka kwao tunapata fumonisini, zearalenoni, T-2 na deoksinivalenoli, ambayo wengi huifupisha DON na ndiyo hiyo vomitoksini. Okratoksini hutoka kwa Aspergillus nyingine na kwa Penicillium. Kila moja ina kiungo chake inachokiandama. Aflatoksini huharibu ini, okratoksini huharibu figo, zearalenoni huiga homoni ya kike hadi nguruwe jike mchanga akavimba uke kana kwamba yuko kwenye joto, na DON humfanya nguruwe asuse chakula au atapike.

Jambo moja husahaulika kila mara: kuvu ikifa, sumu haifi nayo. Joto la mashine ya peleti, ile inayokandamiza chakula kuwa vipande vidogo, halitoshi kuivunja aflatoksini. Asidi ya propioni na dawa nyingine za kuzuia kuvu huzuia sumu mpya isitengenezwe, ila iliyokwisha kuwemo inabaki palepale. Wapo wanaonunua kizuia kuvu wakiamini wamenunua kinasa sumu, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwasahihisha.

Aflatoksini ilijulikana kwa kishindo. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa katika muda mfupi, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili. Tangu hapo swali limekuwa lilelile: ufanye nini na tani za chakula ambazo zina sumu kidogo, si ya kutosha kuzitupa, lakini ya kutosha kudumaza vifaranga na kuingia kwenye maziwa? Kupima peke yake hakumalizi kazi, kwa kuwa sumu haisambai sawasawa kwenye lundo. Punje chache zilizoathirika vibaya zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na ukichota sampuli pembeni yake, maabara itakuambia gunia ni safi.

Ndipo likaja wazo la kuiacha sumu iingie tumboni kwa mnyama lakini isiingie kwenye damu. Weka kwenye chakula kitu ambacho mnyama hawezi kukisaga wala kukifyonza, kiishike sumu ndani ya utumbo, kisha vitoke pamoja na kinyesi. Kunasa huku si sawa na kufyonza. Kinachofyonza huingiza kitu ndani ya mwili wake wote, ilhali kinasa sumu huishikilia molekuli juu ya uso wake tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa unga wowote unaodaiwa kunasa sumu ni ukubwa wa uso wake, na la pili ni kama uso huo unalingana na umbo la sumu unayotaka kuikamata.

Hapa montmorilonaiti inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndiyo madini makuu katika bentonaiti, udongo ambao kwa kawaida hutokana na majivu ya volkano yaliyobadilika kwa muda mrefu sana. Imejengwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likiwa na unene wa takriban nanomita moja, yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Katika baadhi ya sehemu za tabaka, atomu ya alumini imebadilishwa na ya magnesi. Alumini hubeba chaji chanya tatu na magnesi mbili, kwa hiyo kila badiliko huacha upungufu wa chaji chanya moja, na tabaka zima hubaki na chaji hasi. Upungufu huo hufidiwa na ioni za kalsiamu au sodiamu zinazokaa katikati ya kurasa, zikiwa zimezungukwa na maji. Udongo ukilowa, maji huingia na kurasa hutanuka. Ukihesabu na nyuso hizo za ndani, gramu moja ya montmorilonaiti nzuri ina uso wa mita za mraba 700 hadi 800.

Sasa itazame aflatoksini B1, iliyo kali kuliko ndugu zake. Ni molekuli ndogo, ngumu, iliyo bapa. Upande wake mmoja una vikundi viwili vya kaboni na oksijeni vilivyokaa jirani, na oksijeni zake zina elektroni za kutosha kuvutwa na ioni za kalsiamu zilizo kati ya matabaka. Ubapa wake unaiwezesha kupenya kati ya kurasa na kulala sambamba nazo, na vikundi vile viwili vinashikana na ioni, aidha moja kwa moja au kupitia molekuli ya maji. Umbo linaipa nafasi ya kuingia na chaji inaipa sababu ya kubaki. Ndiyo maana mshiko huu hauachii kirahisi hata asidi ya tumbo inapopungua kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo vinasa sumu vingi dhaifu huitema sumu waliyoikamata tumboni.

Kaolini nayo ni udongo, nayo ina matabaka, lakini matabaka yake yamefungana kwa vifungo vya haidrojeni na hayatanuki. Aflatoksini inapata uso wa nje tu, ambao ni sehemu ndogo mno ya ule wa montmorilonaiti. Kwa macho ni unga uleule mweupe au wa kijivu. Hata bentonaiti zenyewe hazilingani: machimbo mawili yanaweza kutoa udongo wenye jina moja na uwezo tofauti kabisa, kutegemea kiasi cha montmorilonaiti, mahali chaji ilipo kwenye tabaka, na ioni zilizomo katikati. Muuzaji akisema "ni bentonaiti" bado hajakuambia unachohitaji kujua.

Kazi iliyofungua mlango kwa wengine ni ya Timothy Phillips na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, iliyochapishwa mwaka 1988. Waliwapa vifaranga chakula chenye miligramu 7.5 za aflatoksini kwa kilo, kiwango kikubwa sana, na kuongeza asilimia 0.5 tu ya aluminosiliketi ya sodiamu na kalsiamu, udongo wa ukoo huohuo wa montmorilonaiti. Madhara yalipungua kwa kiasi kikubwa. Majaribio mengi yaliyofuata kwa kuku, nguruwe na ng'ombe yameuthibitisha msingi huo. Kwa ng'ombe wa maziwa matokeo ni ya wastani zaidi. Ini la ng'ombe hugeuza sehemu ya B1 kuwa aflatoksini M1, inayotokea kwenye maziwa. Mara nyingi ni kama asilimia 1 hadi 2 ya B1 aliyokula, na kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi inaweza kufika karibu 6. Udongo mzuri huipunguza M1 bila kuimaliza, kwa hiyo anayeahidi maziwa yasiyo na M1 kabisa kutokana na mfuko wake ama hajapima ama anategemea wewe usipime.

Tukija kwa sumu nyingine, sifa zilezile zinazoifanya aflatoksini inaswe zinakosekana moja baada ya nyingine. Okratoksini ni asidi. Ikifika kwenye utumbo usio na ukali wa asidi hubeba chaji hasi, na udongo wenye chaji hasi huisukuma. Fumonisini ni mnyororo mrefu unaopinda, na ingawa baadhi ya udongo huishika kwenye mazingira ya asidi, sehemu kubwa hujinasua asidi inapopungua. Zearalenoni haipendi maji sana, hivyo hukaa vizuri zaidi kwenye nyuso zenye asili ya mafuta kuliko kwenye udongo wa kawaida.

DON ndiyo inayoumiza vichwa. Si bapa, ina pete zilizopinda kwa pande tatu, kwa hiyo haipenyi kati ya matabaka. Inayeyuka vizuri kwenye maji, hivyo haina sababu ya kuyaacha na kugandama mahali pengine. Haina chaji ya kuvutwa. Majaribio ya miaka mingi kwa bentonaiti, zeolaiti na kuta za hamira yameambulia kidogo sana, na mimi nikiona DON imeandikwa juu ya mfuko wenye udongo mtupu, huacha kuamini na maneno mengine yaliyomo. Kinachoonekana kufanya kazi ni njia tofauti kabisa: kuivunja badala ya kuikamata. Sehemu ya DON yenye madhara ni pete ndogo ya oksijeni iitwayo epoksidi, na wapo bakteria wanaoweza kuifungua. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2013 aina moja ya bakteria hao kwa ajili ya nguruwe, na mwaka 2014 kimeng'enya kinachokata fumonisini, nacho kikaanza na nguruwe. Hivi si vinasa sumu, hata kama vinauzwa kwenye rafu hiyohiyo na wakati mwingine kwenye mfuko huohuo uliochanganywa na udongo.

Vinasa sumu vingine nitavipitia haraka. Mkaa hai una uso mpana kupindukia na hushika vitu vingi, zikiwemo sumu ambazo udongo unashindwa, lakini hauchagui. Daktari wa mifugo huutumia kwa mnyama aliyekula sumu kwa wingi mara moja. Kuuweka kwenye chakula cha kila siku ni kuhatarisha vitamini na virutubisho vingine. Kuta za seli za hamira zina glukani, nyuzi za sukari zilizojisokota, na zearalenoni hukaa humo vizuri kiasi. Matokeo yake hubadilika sana kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Zeolaiti ya asili ina vishimo vigumu visivyotanuka, vilivyo vidogo mno kwa sumukuvu nyingi, kwa hiyo kazi hufanyika nje tu. Udongo unaweza kupakwa kemikali zenye mkia wa mafuta ili ushike zearalenoni na okratoksini, na maabara inafurahi, ila sasa kuna swali jipya kuhusu usalama wa kemikali hizo zenyewe ndani ya mnyama. Resini ya kolestiramini hushika okratoksini na zearalenoni vizuri, lakini ni dawa ya binadamu na bei yake haiingii kwenye hesabu ya chakula cha mifugo.

Basi zile asilimia 95 na 98 kwenye vipeperushi zinatoka wapi? Kwenye chupa ya maabara. Unaweka maji, sumu na udongo, unatikisa, unachuja, kisha unapima sumu iliyobaki majini. Hakuna udanganyifu katika kipimo hicho. Masharti ya Umoja wa Ulaya yenyewe yanakitumia: bentonaiti inayouzwa kwa ajili ya aflatoksini sharti iwe na angalau asilimia 70 ya madini ya kundi la montmorilonaiti, na ishike zaidi ya asilimia 90 ya aflatoksini B1 katika maji yenye pH 5, kukiwa na miligramu 4 za sumu kwa lita na asilimia 0.02 ya udongo. Hiki ni kizingiti cha kuwaondoa walio dhaifu. Kukivuka hakumaanishi kwamba asilimia 90 ya sumu itanaswa ndani ya ng'ombe.

Piga hesabu uone. Katika chupa hiyo kuna miligramu 200 za udongo kwa kila lita, yaani uzito wa udongo ni mara 50 ya uzito wa sumu. Kwenye chakula chenye mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kilo, ukiweka kilo 5 za udongo kwa tani, uzito wa udongo unakuwa mara 250,000 ya uzito wa sumu. Kama ingekuwa wingi tu, hakuna chembe ya sumu ambayo ingepona. Tumboni, hata hivyo, kuna protini, mafuta, nyongo na vitamini, vyote vikigombea nafasi zilezile, na sumu yenyewe bado imefungiwa ndani ya punje isiyosagika vizuri. Muda nao ni mfupi. Aflatoksini hufyonzwa upesi utumbo mwembamba unapoanza, na ile inayoachiwa na punje ikiwa mbali na udongo inaingia kwenye damu kabla ya kukutana nao. Ndiyo maana kuchanganya vizuri na kusaga udongo laini huwa na faida kuliko kuongeza dozi.

Kwa sababu hiyohiyo, kupima chakula kilichokwisha kuchanganywa na kinasa sumu hakukuambii kama kinafanya kazi. Chakula kikiwa kikavu, kunasa kwenyewe bado hakujaanza. Tena maabara hutumia viyeyushi vinavyoweza kuing'oa sumu kutoka kwenye udongo, kwa hiyo majibu hayasemi lolote kuhusu yatakayotokea tumboni.

Sheria zimelichukulia jambo hili kwa tahadhari. Umoja wa Ulaya ulianzisha mwaka 2009 kundi rasmi la viongezwa vya kupunguza athari za sumukuvu, na bentonaiti ikaidhinishwa mwaka 2013 kwa ng'ombe na wacheuaji wengine, kuku na nguruwe, dhidi ya aflatoksini B1 peke yake, isizidi gramu 20 kwa kilo ya chakula kamili. Ina sharti ambalo wafanyabiashara wengi wasingelipenda: chakula chenyewe lazima kiwe tayari ndani ya viwango vya kisheria vya sumu. Kinasa sumu hakigeuzi chakula haramu kuwa halali. Nchini Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa haijaidhinisha bidhaa yoyote kwa madai ya kunasa sumukuvu. Udongo unaruhusiwa kama kizuia kugandamana au kishikilia peleti, na hivyo ndivyo unavyoandikwa kwenye lebo, huku mnunuzi na muuzaji wote wakijua kinachonunuliwa ni nini.

Kinachoshika sumu kinaweza pia kushika dawa. Masharti ya Ulaya yanataka bentonaiti isitumike pamoja na antibiotiki za kundi la makrolaidi zinazotolewa kwa mdomo, wala pamoja na robenidini kwa kuku, na kwa dawa nyingine za koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, udongo usizidi gramu 5 kwa kilo. Mfugaji anayewatibu kuku wake kwa tailosini, mojawapo ya makrolaidi hizo, huku akiwa amejaza udongo kwenye chakula anaweza kudhani vijidudu vimekuwa sugu, kumbe dawa imepungua kabla ya kufika.

Halafu kuna udongo wenyewe. Ni kitu kinachochimbwa ardhini, kwa hiyo hubeba chochote kilichokuwemo. Mwaka 1997 nchini Marekani dioksini, kemikali yenye sumu kali, iliyokutwa kwenye nyama ya kuku ilifuatiliwa hadi kwenye udongo wa mfinyanzi uliowekwa kwenye mashudu ya soya ili yasigandamane. Hakuna aliyeutilia shaka, kwa kuwa ulikuwa udongo tu. Cheti cha dioksini, risasi, zebaki, kadimi na aseniki ni karatasi ya kudai kabla ya kuuliza bei.

Ukitaka kujua kama kinasa sumu kinafanya kazi kwa mnyama wako, ng'ombe wa maziwa ndiye anayekupa jibu la haraka zaidi. M1 huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja baada ya kula aflatoksini, na hushuka sana ndani ya siku tatu au nne sumu ikiondolewa. Pima M1 ya ng'ombe walewale wakila shehena ileile ya chakula bila udongo, kisha wakiwa na udongo, kisha udongo ukiwa umeondolewa. Ikishuka na kupanda tena, udongo unafanya kazi. Ikishuka isipande, huenda shehena ilibadilika katikati na udongo hauna sifa yoyote hapo.

Kwa nguruwe na kuku hakuna dirisha rahisi kama hilo. Watafiti hupima DON kwenye damu, okratoksini kwenye damu au figo, na kwa fumonisini hutazama uwiano wa mafuta mawili, sfinganini na sfingosini, unaopanda pale sumu hiyo inapoharibu njia yake ya kutengenezwa. Wengi hawana maabara ya namna hiyo karibu, kwa hiyo huishia kupima uzito. Uzito unapotosha. Udongo wenyewe unaweza kuboresha peleti, kupunguza kasi ya chakula kupita tumboni na kushika amonia, na mnyama akaongezeka uzito bila hata chembe ya sumukuvu kunaswa. Ndiyo sababu jaribio la maana huwa na makundi manne: walio bila chochote, waliopewa sumu, waliopewa sumu na udongo, na waliopewa udongo bila sumu. Muuzaji akikuonyesha jedwali lake, tafuta kwanza kundi hilo la nne.